Watoto wenye ulemavu: Jumuiya isiishie kwenye biashara

Mwaka 2022 Congo ilipiga hatua mbili. Tarehe 8 mwezi wa ine ilitia saini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tarehe 3 mwezi wa tano, raisi alitangaza sheria ya kulinda watu wenye ulemavu.

Tangu hapo, Jumuiya inazungumziwa zaidi kwa ushuru, barabara na usalama. Mtoto kipofu wa Bukavu ao Uvira hatajwi sana. Hata hivyo, yeye angefaidika haraka: kitabu cha Kiswahili kilichochapwa kwa breli Tanzania, vidole vyake vinaweza kukisoma.

Kwa viziwi kazi ni ngumu zaidi, maana lugha ya alama haifanani kila inchi. Waalimu wao wanapaswa kufundishwa hapa hapa, na majirani wenye uzoefu wakileta mbinu zao.

Serkali ipeleke jambo hili mbele ya mawaziri wa elimu wa Jumuiya: vitabu vya breli vipite mpakani bila ushuru, na waalimu wa Congo wapate nafasi katika vyuo vya jirani. Sheria bila mwalimu na bila kitabu haimfundishi mtoto kusoma.