KAZI ZIPO, MAFUNZO YAKO WAPI?

Kila siku twasikia majukwaani kwamba vijana watapatiwa ajira kwa maelfu. Sisi twauliza jambo moja tu: kazi hizo zataka ujuzi gani, na nani atawafundisha watoto wetu ujuzi huo kabla nafasi hazijajazwa na wengine?

Tuanze na bahari. Babu zetu walisafirisha majahazi hadi Ghuba na Bara Hindi kwa kuzijua nyota na pepo. Hivi leo mjukuu wa nahodha hawezi kuwa baharia katika meli za safari za nje mpaka awe na cheti kinachotakiwa na mkataba wa mataifa wa mwaka 1978. Hufundishwa kujiokoa baharini, kuzima moto, kumhudumia majeruhi na kulinda usalama wake na wa wenziwe. Mafunzo hayo ya mwanzo ni ya siku, si ya miaka. Lakini kijana wa Kojani au Nungwi hana budi kupata ada, nauli na mahali pa kulala mbali na kwao. Kinachomzuia si akili, ni fedha.

Tuje katika mwani, uliolimwa kwa biashara tangu mwaka 1989, na ambao wakulima wake wengi ni kina mama. Mwani wa kotonii ndio wenye bei nzuri, lakini maji ya ufukweni yamezidi joto nao hufa. Wataka maji ya kina. Basi mama huyu yampasa ajue kuogelea na kuendesha chombo, na chombo chenyewe akipate. Hayo nayo ni mafunzo ya kazi, wala si mchezo.

Ama hoteli, mwaka 2023 pekee wageni zaidi ya laki 6 waliingia Zanzibar. Mwenye hoteli hatosheki na mpishi ajuaye pilau. Amtaka mwenye cheti, ajuaye usafi wa chakula na hesabu ya jiko, na asemaye lugha za wageni. Asiyekuwa na hayo huishia kufagia bustani na kulinda lango, pengine katika ardhi iliyokuwa ya wazee wake.

Hatusemi kwamba halikufanywa lolote. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali iliundwa mwaka 2006, nayo ina vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, na vingine vikafuata. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773, na vituo vya kuhesabika kwa vidole havitoshi.

Sisi wa dukani twajua kwamba mtu haagizi bidhaa kabla ya kujua mteja ataka nini. Serikali nayo yafaa iulize kwanza bandarini, mahotelini na kwa mafundi, kisha ifundishe. Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila mwaka itangazwe ni wangapi waliofundishwa kila kazi, na wangapi walioajiriwa. Pili, mkopo wa masomo umfikie anayetaka ubaharia au useremala kama unavyomfikia wa chuo kikuu. Tatu, fundi aliyejifunza kwa mzee wake apimwe kwa kazi ya mikono yake, na akifaulu apewe cheti, hata kama hakumaliza skuli.

Nasi wazazi tusiidharau kazi ya mkono. Sote tuliopita chuoni tulisoma kwamba Nabii Daudi alifua chuma, na Nabii Nuhu aliunda jahazi kwa mikono yake.

Kila tawi, basi, na liandike vijana wake wasio na kazi, na kazi ambayo kila mmoja ataka kufundishwa. Tutakapokwenda kudai, twende na hesabu mkononi, maana anayedai bila ya daftari hurudishwa mikono mitupu.