Mafuta ya ndege kutoka Buha? Tuulize kwanza, tugawe ardhi baadaye



Leo tuongelee ndege. Najua kuna atakayesema, mtu wa Kibondo na ndege wapi na wapi? Subiri kidogo. Dunia hivi sasa inasaka mafuta ya ndege yasiyochimbwa kisimani. Yanatengenezwa kwa mbegu, mafuta ya kula yaliyokwisha kukaangia, mafuta ya wanyama, mabaki ya shambani, hata takataka za mjini. Wenyewe wanayaita mafuta endelevu ya ndege, kifupi chake SAF. Sasa popote palipo na neno "mbegu", mwisho wa siku kuna mtu atauliza ardhi iko wapi. Hapo ndipo sisi tunapoingia.

Tuanze na namba. Mwaka 2024 dunia nzima ilitengeneza kama tani milioni 1 za mafuta hayo. Unaona nyingi? Ni asilimia 0.3 tu ya mafuta yote yaliyochomwa na ndege mwaka ule. Bei yake ni mara 2 mpaka mara 5 ya mafuta ya kawaida. Kwa bei hiyo hakuna shirika linalonunua kwa mapenzi, ni sheria inayowasukuma. Umoja wa Ulaya umeamuru wauzaji wa mafuta kwenye viwanja vyake vya ndege wachanganye asilimia 2 kuanzia 2025, asilimia 6 ikifika 2030, asilimia 20 mwaka 2035, na asilimia 70 mwaka 2050. Mbegu za kutosheleza hayo yote Ulaya hawana. Watazitafuta kwingine.

Jirani zetu Kenya wameshaanza. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni. Mafuta yakapakiwa Mombasa kwenda kusafishwa kwenye mtambo wao wa Gela, kisiwani Sicily. Tarehe 25 Mei 2023 Kenya Airways ikarusha ndege kutoka Nairobi kwenda Amsterdam ikiwa imechanganyiwa mafuta ya aina hiyo. Picha zikapigwa, hotuba zikatolewa. Lakini angalia mchoro wenyewe: mbegu zinalimwa Afrika, zinakamuliwa Afrika, halafu ile hatua yenye pesa kubwa, ya kugeuza mafuta ya mbegu kuwa mafuta ya ndege, inafanyika Ulaya. Kama kahawa tu. Sie tunauza buni, wenzetu wanauza kikombe.

Na sisi Watanzania njia hii tumeshaipita. Mnaikumbuka mibono kaburi? Ule mti ambao wazee wetu waliupanda makaburini na kwenye mipaka ya mashamba, kati ya 2005 na 2010 ukageuka dhahabu ghafla. Tarehe 30 Desemba 2008 Air New Zealand ilirusha Boeing 747 kwa majaribio, injini moja ikitumia mchanganyiko wa nusu kwa nusu wenye mafuta ya mibono. Mbegu zilitoka India, Malawi, Msumbiji na hapa hapa Tanzania. Kumbe tulishafika angani zamani!

Sasa tuulizane, ile dhahabu iko wapi? Kule Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11. Mwaka 2011 ikaanguka, mamia ya watu wakakosa kazi. Bioshape ya Uholanzi ilichukua maelfu ya hekta Kilwa, nayo ikafilisika. SEKAB ya Sweden ilikuja Bagamoyo na ndoto ya miwa ya ethanoli, mwaka 2009 ikajitoa. Mkoani kwetu Kigoma kulikuwa na FELISA, iliyotaka kutengeneza biodizeli kwa mawese. Ardhi ya ziada waliyoipata kwenye vijiji viwili ikaishia mahakamani. Baadaye wakaja AgriSol wa Marekani, wakiitaka Lugufu, pale palipokuwa na kambi ya wakimbizi, pamoja na Katumba na Mishamo kule Mpanda. Ukijumlisha ni zaidi ya hekta 300,000, na nishati mimea ilikuwa ndani ya mipango yao. Katikati ya hayo yote, serikali mwaka 2009 ilisimamisha miradi mipya, na mwaka 2010 ikatoa mwongozo wa nishati mimea.

Kwa nini ilikufa? Kwanza, mbono kaburi unavumilia ukame, lakini kuvumilia na kuzaa ni vitu viwili tofauti. Bila mbolea na maji, mkulima wa kawaida hapati hata tani moja ya mbegu kwa hekta. Pili, mwishoni mwa 2008 bei ya mafuta duniani iliporomoka, wafadhili wakafunga pochi. Tatu ni ardhi, na hili ndilo chungu zaidi. Kwa sheria zetu, mgeni hapewi ardhi ya kijiji moja kwa moja. Lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla. Kampuni ikifa, ardhi hairudi yenyewe kijijini. Mradi umekufa, shamba limekwenda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sie tuna haki ya kushtuka.

Tupige hesabu ya kijiweni. Ndege kama ile ya Nairobi–Amsterdam inakunywa kama tani 5 kwa saa, na safari ni saa 8 hivi. Hizo ni tani 40. Mafuta ya mimea yakiingia mtamboni, nusu yake hivi ndiyo yanatoka kuwa mafuta ya ndege, mengine yanakuwa dizeli na gesi. Kwa hiyo unahitaji tani 80 za mafuta ghafi. Kwa mibono ya mkulima mdogo, tuseme kilo 250 za mafuta kwa hekta, hiyo ni hekta 320 kwa mwaka mzima. Kwa michikichi yetu ya asili, tani 1.6 kwa hekta, ni hekta 50. Safari moja tu, ya kwenda bila kurudi! Ni kweli ndege hairuki kwa mafuta hayo peke yake, mwisho unaoruhusiwa ni nusu kwa nusu. Lakini ukubwa wa jambo umeuona.

Sasa hizo tani 80 za mawese ukizipeleka jikoni ni kama madumu 4,400 ya lita 20. Na nchi yetu haina mafuta ya kula ya kutosha. Takwimu za serikali za miaka ya 2018 na kuendelea zilitaja mahitaji ya tani 570,000 kwa mwaka wakati tunazalisha tani 205,000 tu. Ndiyo maana Waziri Mkuu Majaliwa alipokuja Kigoma mwaka 2018 alianzisha kampeni ya kufufua michikichi, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha miche bora. Ile michikichi ni ya chungu, siyo ya ndege.

Halafu kuna jambo wengi hawalijui: sheria hiyo hiyo ya Ulaya haiyahesabu mafuta yanayotokana na mazao ya chakula, na mawese yamekatazwa kabisa. Kwa hiyo akija mtu Kasulu na mkoba akasema "pandeni michikichi, tutauza Ulaya kwa ndege", mjue hilo ni changa la macho.

Kinachobaki ni nini? Cha kwanza, nyonyo, zao ambalo Eni walilitumia Kenya. Si chakula, linaota pembezoni. Ila mashudu yake ni sumu kwa mifugo, yanafaa mbolea tu, tofauti na ya alizeti. Na likihama pembezoni likaingia kwenye shamba la maharage, tumerudi kule kule. Cha pili, mafuta yaliyokwisha kukaangia. Jamani, Kibondo mafuta ya chipsi yanatumika mpaka yanakuwa meusi, cha kukusanya kiko wapi? Cha tatu, mabaki: mabua ya mahindi, maganda ya muhogo. Kitaalamu inawezekana. Lakini mabua ndiyo mbolea na chakula cha ng'ombe. Pia tazama misitu ilivyokatwa kwa kuni kuzunguka kambi za Nyarugusu na Nduta: kama kuna mabaki yanayoweza kuwa nishati, yaanze na jiko la mama kabla ya injini ya Boeing.

Na kiwanda? Tanzania haina hata mtambo wa kusafisha mafuta ya kawaida tangu TIPER iache kazi hiyo. Mtambo wa SAF unakula mamia ya mamilioni ya dola. Hauji Kasulu kesho. Kinachoweza kuja ni mashine ya kukamua, ghala, na ushirika wenye mkataba. Hicho si kidogo, ila tukiite kwa jina lake.

Msimamo wangu ni huu: tuuze mbegu, tusiuze ardhi. Kijana wa Kibondo akibaki na shamba lake, soko likifa anang'oa nyonyo anapanda maharage, maisha yanaendelea. Akishatoa shamba, soko likifa anabaki kibarua wa kampuni isiyokuwepo.

Wakija, tuwaulize hivi:

1. Mnataka mbegu zangu au ardhi yangu?
2. Bei ya chini imeandikwa wapi, na nyie mkikimbia nani ananunua?
3. Mkutano mkuu wa kijiji umekaa? Kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, eneo lisilozidi hekta 250 wanakijiji wenyewe ndio wanaokubali au kukataa. Likizidi hapo anaamua waziri, lakini baada ya kupata maoni ya mkutano huo.
4. Fidia mmeshakubaliana? Sheria inasema ardhi haihami kabla ya hapo.

Chapa hayo maswali, peleka nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji. Karatasi mbili tu pale kafe.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mliolima mibono enzi zile, mlilipwa? Na nyie wa Lugufu, ile ardhi inatumikaje sasa? Mwageni vitu.