Kukataa Ndoa si Kibali cha Kudhulumu



Wako wanaodai ya kwamba juu ya ndoa za watu wa jinsia moja Wayahudi wana neno moja tu. Huyu husema wameitupa Torati. Yule husema Torati yawaamuru kuwafukuza watu. Madai yote mawili ni uongo, nasi hatuwezi kuyanyamazia, kwa maana huyageuza Maandiko kuwa fimbo ya kumpigia jirani.

Ukweli ni huu. Waorthodoksi, wakishika Walawi 18:22 na mapokeo ya marabi, hawafungishi ndoa hizo. Huko Marekani, chuo cha marabi cha tawi la Rekonstraksheni kilianza kuwapokea wanafunzi wa mwelekeo huo mwaka 1984. Marabi wa tawi la Mageuzi walitamka mwaka 2000 kwamba rabi aweza kuongoza ibada ya muungano huo, au kukataa, na uamuzi wake uheshimiwe. Wahafidhina, ambao licha ya jina lao wamesimama katikati, waligawanyika: Desemba 2006 kamati yao ya sheria ilipitisha hati zinazopingana, moja ikikataza, nyingine ikilegeza, kila moja kwa kura 13. Mwaka 2012 iliidhinisha taratibu za arusi hizo.

Angalieni jambo moja. Hati iliyolegeza ilijengwa juu ya kanuni ya kale ya marabi, kevod habriyot, yaani heshima ya wanadamu. Julai 2010 marabi wengi wa Kiorthodoksi walitia sahihi tamko lililoshika kanuni iyo hiyo: ndoa, hapana, lakini kumwaibisha, kumsumbua au kumdhalilisha mtu kwa ajili ya mwelekeo wake ni kuivunja Torati, naye apokewe katika sinagogi na shule kama mshiriki kamili. Je, hao ni walegevu wa sheria? La hasha!

Tarehe 30 Julai 2015 mtu mmoja wa Waorthodoksi wenye msimamo mkali aliwachoma kisu waandamanaji mjini Yerusalemu. Msichana wa miaka 16 akafa. Rabi Mkuu David Lau alililaani tendo hilo.

Basi anayetaja Walawi ili amfukuze mwanawe nyumbani, au amnyime jirani kazi, asijifiche nyuma ya Wayahudi. Marabi hao wametofautiana juu ya ndoa. Juu ya utu wa mtu hawakutofautiana. Sisi tunaoisoma sheria hiyo kwa kuazima, tumepata wapi ukali unaowapita wenyewe?