Chupa Ndani ya Sanduku la Askari

Mtoto wa askari akiulizwa kwao ni wapi, husita kwanza. Mimi nimezoea kujibu Milepa, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya safu ya Lyamba lya Mfipa, ijapokuwa utoto wangu ulipita Tabora, Mafinga, Monduli na Dodoma. Baba alikuwa mtumishi wa Jeshi la Wananchi. Amri ya uhamisho ilipofika, mama alifunga masanduku, akachukua barua zetu za shule, akaagana na majirani. Na mwezi haukuisha kabla hajaanza tena kuuliza soko liko wapi na zahanati iko wapi. Leo mimi ni muuguzi. Naandika haya kwa sababu miongoni mwa vitu vilivyohama pamoja nasi kulikuwa na kimoja ambacho hakuna kliniki iliyopata kukiandika: mapenzi ya mama kwa mvinyo.

Mama alipokuwa msichana, pombe ya ulezi ilikuwa shughuli ya watu wengi. Ilipikwa kwa siku kadhaa, ikanywewa mchana, watu wakiwa wameizunguka, mara nyingi baada ya kulimiana shamba. Aliyezidisha alionekana, na hakukosekana shangazi wa kumwambia inatosha. Uhamisho ulituondolea shangazi huyo. Katika kota za jeshi majirani ni wema, lakini nao wako njiani. Mtu hamjui mwenzake kiasi cha kutambua kwamba amebadilika.

Dodoma ndiko mvinyo ulikotukuta. Mkoa ule huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wake umekuwa zawadi ya heshima ya harusi, ya ubarikio na ya kuagana. Mama aliupenda kwa haki. Alijifunza kutofautisha mkavu na mtamu, akajua upi unafaa nyama ya mbuzi na upi unywewe baridi. Baba alipokuwa kazini mbali kwa miezi, glasi moja baada ya chakula ilimletea usingizi. Tulipohama, chupa kadhaa zilifungwa katikati ya mablanketi zisivunjike. Glasi ikawa mbili, kisha chupa ya siku tatu ikawa ya siku mbili, hatimaye ya usiku mmoja. Hakuna aliyemwona akiyumba. Hakuwahi kukanyaga baa.

Katika miaka hiyohiyo aligunduliwa kuwa na shinikizo la juu la damu. Kila kituo kilimfungulia kadi mpya, na kila kadi ilianza kana kwamba mgonjwa amezaliwa siku ile. Dawa ilikuwa moja, zikawa mbili, zikawa tatu. Aliulizwa juu ya chumvi, juu ya uzito, juu ya mawazo. Juu ya kileo hakuulizwa, kwa kuwa alikuwa mama mtu mzima, nadhifu, mke wa askari. Siwalaumu waliomhudumia, nami nimewapita wagonjwa wengi wa namna hiyo bila kuwauliza.

Aliyeuliza alikuwa mhudumu kijana, baada ya baba kustaafu na wazee kurejea nyumbani. Alimwambia, “Mama, shikamoo. Swali hili namuuliza kila mtu: kwa wiki unakunywa siku ngapi, na kwa siku kiasi gani?” Mama akajibu, “Mimi si mlevi, mwanangu. Nakunywa mvinyo tu.”

Neno hilo “tu” ndilo shabaha ya makala haya. Chupa ya mililita 750 yenye kileo cha asilimia 12 ina takribani gramu 71 za alkoholi halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takribani gramu 20. Basi anayemaliza chupa moja ya mvinyo amekunywa zaidi kidogo ya bia tatu na nusu. Ini halitambui kama kinywaji kilitoka katika chungu, kreti au chupa yenye lebo nzuri. Alkoholi hupandisha shinikizo la damu, na anayepunguza kunywa mara nyingi huliona likishuka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka katika kundi la visababishi vya saratani tangu 1988. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha kunywa kisicho na hatari kwa afya.

Wapo watakaosema mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo. Imani hiyo imeenea, lakini haitoshi kumwambia mgonjwa wa shinikizo aendelee. Wapo watakaoniuliza habari ya wakulima wa zabibu na meza ya Bwana. Sina ugomvi na shamba wala na altare. Ugomvi wangu ni na ukimya wetu katika chumba cha matibabu.

Kwa hiyo nawaomba wahudumu wenzangu mambo mawili. Kwanza, tumuulize kila mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, mwenye cheo na asiye nacho, tukitaja mvinyo kwa jina lake. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 kwa kazi hiyo, na matatu ya mwanzo yanatosha kufungua mazungumzo. Pili, familia inapohama, tuipe barua fupi yenye vipimo vya shinikizo, dawa, na kiasi cha kileo. Askari hukabidhi silaha kwa maandishi. Kwa nini afya ya mkewe ikabidhiwe kwa kumbukumbu ya kichwa?

Kwenu wagonjwa nasema: wekeni daftari moja la afya na lihame nanyi, juu kabisa ya sanduku. Na anayekunywa kila siku kwa wingi asiache ghafla peke yake, kwani anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Aseme, asaidiwe kupunguza kwa usalama. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mama alisema, akiwa na umri wa miaka 61. Ilichukua miezi, na usingizi ulikuwa mgumu kuliko kiu. Sasa anameza dawa moja badala ya tatu. Jioni huketi barazani na shangazi zangu, macho kwenye milima ya Lyamba lya Mfipa. Glasi zake za Dodoma bado zipo kabatini, naye huzifuta vumbi kwa upendo. Mimi sijutii kwamba aliupenda mvinyo. Najuta kwamba tulihama mara nyingi hivyo bila mtu yeyote, hata mimi bintiye, kumuuliza.