Injini ya Ndege Haikulelewa na Soko

Juzi mchumi mmoja alituambia redioni kwamba serikali ikigharamia utafiti wa viwanda inachoma kodi ya wananchi. Soko linajua lenyewe, akasema. Tazameni injini za ndege! Katika mifano yote duniani, kachagua ule unaomuumbua.

Rolls-Royce ilifilisika tarehe 4 Februari 1971 ikiwa katikati ya kuunda RB211, injini ya ndege ya Lockheed TriStar. Mapanga ya mbele ya nyuzi za kaboni yalirushiwa kuku mfu kwenye majaribio, yakavunjikavunjika. Ikabidi yatumike ya titani, gharama zikapaa. Soko lilifanya nini? Lilikaa kando. Aliyeitaifisha kampuni ni Edward Heath, waziri mkuu wa Uingereza wa chama cha Conservative, ambacho hakina mapenzi na utaifishaji. Serikali iliishika hadi 1987, na kutokana na RB211 hiyohiyo zikazaliwa injini za Trent zinazoruka hadi leo.

Marekani nako ni yaleyale. Kiini cha CFM56, injini iliyoenea kwenye Boeing 737, kilitokana na F101 ya ndege ya mabomu ya B-1. Aliyelipia F101 ni Jeshi la Anga. Mbia wa General Electric katika kuunda CFM56 alikuwa Snecma, kampuni ya serikali ya Ufaransa. Kodi huku, kodi kule.

Eti karani wa wizara hawezi kubuni injini! Nani kamtuma abuni? Karani asaini hundi, mhandisi achonge chuma.

Panga la turbini huzunguka ndani ya gesi yenye joto linalozidi kiwango cha kuyeyusha metali yake, na huponea vitundu vyembamba vinavyolipitishia hewa ya kulipoza. Ujuzi huo hukomaa kwa miongo. Benki inayodai rejesho kila mwisho wa mwezi itasubiri hadi lini?

Na hapa kwetu wimbo ni huohuo wa mchumi yule. Mashine za maabara za vyuo zimefunikwa vitambaa kwa kukosa vipuri, lakini fedha za semina hotelini hazikosekani hata siku moja. Inatia hasira.

Bajeti ya utafiti ikifika bungeni, wabunge wasiiguse kwa mkasi. Wanaotuuzia injini leo walilipiwa kwanza na serikali zao, miaka mingi kabla ya kuona faida.