GAVANA AKISEMA HAPANA



Katika mabaraza ya mji wetu, baada ya sala ya Isha, habari za Marekani zimekuwa zikizungumzwa kama habari za nyumba ya jirani. Mmoja husema kwamba nchi ile imekwisha kupasuka, kwani Magavana wanamkaidi Rais wao. Mwengine husema kuwa Magavana hao ni waasi, na lau wangekuwa kwetu wangelala rumande siku ile ile. Tumezisikiliza rai hizi kwa adabu, na hatukubaliani na hata moja. Sisi twaona kwamba Gavana anayesema "hapana" mbele ya hakimu anaitunza Dola yake kuliko yule anayesema "ndiyo" kwa hofu. Twataka kuzieleza sababu zetu, kwani jambo hili linatuhusu na sisi tulio chini ya Muungano.

Kwanza habari yenyewe. Mwezi wa Juni 2025 watu wa Los Angeles walitoka barabarani kupinga kukamatwa kwa wahamiaji. Rais Donald Trump akalitwaa jeshi la akiba la jimbo la California, lile liitwalo Ulinzi wa Taifa, bila ya ridhaa ya Gavana Gavin Newsom, hata askari waliotwaliwa wakafika 4,000, na juu yao wakaongezwa 700 wa jeshi la Marines. Gavana hakuwapa watu wake silaha, wala hakuziba barabara. Alikwenda mahakamani. Baadaye yakaja ya Oregon na ya Illinois, na Magavana wa huko nao wakashika njia hiyo hiyo ya mahakama. Wakashinda hapa, wakashindwa pale, hata tarehe 23 Desemba 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kumruhusu Rais kuwatumia askari hao Illinois wakati kesi ikiendelea. Na wengi wa majaji wa Mahakama hiyo waliteuliwa na Marais wa chama cha Rais mwenyewe, watatu kati yao na yeye kwa mkono wake. Jambo hilo wenzetu wa barazani hawakulitaja.

Katika mambo ya afya shindano limekuwa la namna nyengine. Tarehe 9 Juni 2025 Waziri wa Afya wa Serikali Kuu, Robert F. Kennedy Jr., aliwaondoa wajumbe wote 17 wa kamati ya wataalamu inayotoa shauri la chanjo. Mwezi wa Septemba majimbo ya California, Oregon na Washington yakatangaza umoja wao wa kutoa shauri la chanjo kwa watu wao, na Hawaii ikajiunga nao. Majimbo ya kaskazini mashariki nayo yakaunda umoja wao. Na yalikuwa na haki kufanya hivyo, kwani katika nchi ile mwenye amri ya kumchanja mtoto wa shule ni jimbo. Tangu mwaka 1905, katika kesi iliyotoka Massachusetts juu ya chanjo ya ndui, Mahakama ya Juu ilikwisha kukata kwamba jimbo laweza kuwalazimisha watu wake wachanjwe kwa maslaha ya wote.

Hawaii yatupasa kuitazama kwa jicho la ndugu. Nayo ni visiwa, nayo ilikuwa na ufalme wake uliopinduliwa mwaka 1893, ikatiwa chini ya Marekani mwaka 1898, ikawa jimbo mwaka 1959. Gavana wake, Josh Green, ni tabibu. Mwaka 2019 surua ilipoingia Samoa, ambako watoto wengi hawakuwa wamechanjwa, watu 83 walikufa, wengi wao wakiwa wadogo wasiotimia miaka mitano. Green, wakati huo akiwa naibu wa Gavana, alisafiri na matabibu na wauguzi wa Hawaii kwenda kusaidia kuchanja maelfu ya watu. Mtu aliyekiona kisiwa kikizika watoto namna ile hawezi kuambiwa na mwandishi wa ofisini, maili elfu tano mbali naye, kwamba jambo la chanjo ni la kila mtu na hiari yake. Watu wa visiwani hawana bara nyuma yao la kukimbilia.

Sasa twende kwenye asili ya haki hii. Sisi wenye maduka tumezoea shirika. Watu wawili wakitia mali pamoja, huandika nani atanunua bidhaa na nani atashika funguo. Na mwenye fungu kubwa hapati ruhusa ya kutia mkono katika droo ya mwenziwe ati kwa kuwa fungu lake ni kubwa. Wamarekani waliandika hivyo. Katika nyongeza ya kumi ya Katiba yao, iliyopita mwaka 1791, walisema kuwa mamlaka ambayo hayakukabidhiwa Serikali Kuu, wala majimbo hayakukatazwa, yamebaki kwa majimbo au kwa watu wenyewe. Uhamiaji umo katika yale ya Serikali Kuu, na hilo hatulifichi. Arizona ilipojitungia sheria yake ya wahamiaji mwaka 2010, Mahakama ya Juu iliifuta sehemu kubwa ya sheria hiyo mwaka 2012.

Basi, atauliza msomaji, ikiwa uhamiaji ni wa Washington, Gavana wa California anakataa nini? Anakataa kuwa mtumishi. Serikali Kuu ina maafisa wake na mahabusi zake, iwatumie hao. Lakini haiwezi kumwamrisha polisi anayelipwa na jimbo kwamba leo aache wizi na moto, awe mkamataji wa wahamiaji. California iliitia kanuni hiyo katika sheria yake mwaka 2017, na mwaka huo huo Illinois ilitia yake, iliyotiwa saini na Gavana wa chama cha Republican, Bruce Rauner.

Na kanuni hii haikuzaliwa juzi. Mwaka 1842 palikuwa na kesi ya mtu aitwaye Prigg, aliyemteka mwanamke mweusi na watoto wake katika Pennsylvania akawapeleka Maryland, kwa dai kuwa ni watumwa waliotoroka. Mahakama ya Juu, kwa aibu yake, ilimpa haki Prigg. Walakini Jaji Story aliandika ndani ya hukumu ile ile kwamba majimbo hayawezi kulazimishwa kuitekeleza sheria ya Serikali Kuu kwa maafisa wao. Wapinzani wa utumwa waliudaka mlango huo mdogo. Mwaka uliofuata Massachusetts iliwakataza maafisa wake kuwakamata watoro, na jela zake zisiwafungie. Washington ikaghadhibika, na mwaka 1850 ikatunga sheria kali zaidi yenye maafisa wake yenyewe. Sisi wa pwani hii, ambao soko la watumwa la mji wetu lilifungwa mwaka 1873 na historia yake ingali katika midomo ya wazee wetu, twajua maana ya mlinzi wa jela kuambiwa, "Huyu si kazi yako kumfungia."

Kichekesho ni kuwa kanuni hiyo hiyo ilitiwa nguvu mpya mwaka 1997 na watu wa upande mwengine kabisa. Mashefu wawili, mmoja wa Montana na mmoja wa Arizona, walikataa kuifanyia Serikali Kuu kazi ya kuchunguza wanunuzi wa bastola, na Mahakama ikasema wana haki. Leo California yajikinga kwa ngao iliyofuliwa na wapenda bunduki.

Lakini mahali ambapo afya na uhamiaji hukutana ndipo pa kuzingatiwa zaidi, nako hakuna askari wala moshi. Kuna daftari tu. Marekani ina bima ya matibabu kwa maskini, iitwayo Medicaid, inayolipwa kwa fedha za Washington na za majimbo pamoja. Mhamiaji asiye na karatasi hapati humo kwa fedha za Serikali Kuu ila matibabu ya dharura. California, tangu Januari 2024, ilimfungulia mlango mtu wa umri wowote kwa fedha zake yenyewe. (Tuseme kweli yote: fedha zilipopunguka, ikaufunga mlango huo kwa watu wazima wapya tangu Januari 2026. Hata mkarimu hutazama mkoba.) Watu wakaja wakajiandikisha: jina, mtaa, nyumba, namba ya simu. Walitoa hayo kwa tabibu, kwa ajili ya tiba.

Mwezi wa Juni 2025 ikajulikana kwamba Wizara ya Afya ya Washington imeyatoa maandishi ya watu wa California, Illinois na kwengineko, ikayakabidhi kwa wizara inayosimamia uhamiaji. Majimbo 20 yalifungua mashtaka mwezi wa Julai. Mwezi wa Agosti hakimu wa San Francisco akaizuia serikali isiyatumie kuwasaka watu, na mwisho wa Desemba akairuhusu itumie baadhi yake, kama mahali anapokaa mtu na namba yake ya simu, huku yale ya maradhi yakiendelea kuzuiwa.

Sisi hatumo katika kesi ile, lakini tuna rai. Mtu anayemwambia mkunga nyumba yake ilipo, ili aje ampime, ametoa amana. Amana haibadiliki kuwa ushahidi kwa sababu waliopokea wana bosi mmoja na polisi. Tangu Januari 2025 ile amri ya zamani ya kuwazuia maafisa wa uhamiaji wasifanye ukamataji wao hospitalini, skulini na katika nyumba za ibada ilikwisha kuondolewa. Tia pamoja mambo haya mawili, kisha jiweke mahali pa mama ambaye mtoto wake ana homa na vipele usiku wa manane. Atangoja asubuhi. Asubuhi atangoja jioni. Na ikiwa homa ile ni surua, basi haitauliza karatasi za mtoto wa jirani anayecheza naye. Mwaka 2025 katika mripuko mmoja wa jimbo la Texas walihesabiwa wagonjwa wa surua 762, na watoto wawili wakafa, nao hawakuwa wamechanjwa. Maradhi hayana mpaka, na kwa hivyo Gavana anayeulinda mlango wa hospitali awalinda raia wake pia.

Yatupasa insafu. Ngao hii imewahi kushikwa na madhalimu. Mwaka 1957 Gavana Orval Faubus wa Arkansas aliwapanga askari wake kuwazuia watoto tisa weusi wasiingie skuli ya Little Rock, naye pia alisema kuwa anatetea haki za jimbo. Rais Eisenhower akapeleka jeshi, na twasema alifanya vyema. Katika zama zetu Gavana Greg Abbott wa Texas, wakati Rais akiwa Joe Biden, alipiga marufuku ulazima wa chanjo ya korona mwaka 2021, na baadaye akatandaza seng'enge mtoni Rio Grande, na Januari 2024 Mahakama ya Juu ikawaruhusu maafisa wa Washington kuikata. Hatuwezi basi kumsifu kila Gavana mkaidi. Lakini Faubus aliwazuilia watu wengine haki waliyokwisha kupewa na mahakama, ilhali Newsom anakataa kuikopesha Serikali Kuu mikono yake. Asiyeona tofauti ya mambo hayo mawili hatutamlazimisha.

Na sisi je? Mapatano ya Muungano, yaliyotiwa saini tarehe 22 Aprili 1964, yalikuwa na mambo 11. Uraia na uhamiaji vilikuwamo. Afya haikuwamo, na hata leo, orodha ilipofika mambo 22, haimo. Basi afya ni yetu. Walakini mwaka 2020, hesabu za wagonjwa wa korona zilipokoma kutolewa Bara, visiwa hivi, vyenye wizara yake ya afya na matabibu wake, navyo vilinyamaza. Mwisho wa Januari 2021 Marehemu Maalim Seif Sharif Hamad, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alitangaziwa na chama chake, ACT-Wazalendo, kuwa yeye na mkewe wameambukizwa. Hakukuwa na kesi, wala hotuba ya ukaidi. Ilikuwa ni mtu kusema jina la maradhi yake wakati ambapo wakubwa hawakupenda litajwe. Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Lau serikali yetu ingetaka wakati ule kusema "hapana", ingekwenda wapi? Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 125, imeweka Mahakama Maalum ya Katiba kwa ajili ya ugomvi wa serikali hizi mbili: nusu ya wajumbe huteuliwa na Serikali ya Muungano na nusu na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na shauri halikatwi ila kwa theluthi mbili za kila upande. Ni mizani ya haki kwa maandishi. Sisi, katika umri wetu wote, hatujapata kusikia kuwa imekaa.

Kwa hivyo twawaomba Wawakilishi wetu waipeleke Barazani suala hili kwa maandishi: Je, Serikali ya Zanzibar imepata hata siku moja kuteua wajumbe wake wa Mahakama hiyo, na kama haijapata, ni kwa sababu gani? Jibu tutalichapa katika ukurasa huu huu, hata likiwa la mstari mmoja.