Kelele za Gitaa na Akili za Vijana

Muziki wanaoupenda vijana ni miongoni mwa mambo ambayo sisi watu wazima huyatolea hukumu kabla ya kuyachunguza. Aina iitwayo hevi metali imehukumiwa hivyo kuliko nyingine nyingi. Magitaa yake hunguruma, ngoma zake huenda kasi, waimbaji wake hupiga mayowe, na mavazi yao aghalabu ni meusi. Basi husemwa kwamba huo ni muziki wa wajinga na wakorofi. Ni maoni yangu kwamba hukumu hiyo haina msingi wa kisayansi. Lakini wale wanaodai kinyume chake, kwamba muziki huo ni alama ya akili nyingi, nao pia wamejenga juu ya mchanga.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, waliwauliza vijana wa shule zaidi ya 1,000 wapange aina za muziki kwa kadiri wanavyozipenda. Vijana hao wote walikuwa wanachama wa chuo maalumu kilichowalea wanafunzi wenye vipawa nchini humo. Zaidi ya theluthi moja waliitaja hevi metali miongoni mwa aina tano wazipendazo. Magazeti yakatangaza kwamba wenye akili hupenda metali. Hapa mwanafunzi wa sayansi yampasa asimame na kuuliza maswali. Kwanza, wengi zaidi walipenda roki, kisha popu, na walioiweka metali mbele ya zote walikuwa wachache tu. Pili, walioulizwa wote walikuwa wenye vipawa. Basi, kwa takwimu hizo peke yake, tutajuaje kwamba vijana wengine wanaipenda kidogo zaidi? Utafiti huo haukuthibitisha kwamba metali huongeza akili. Ulichoonyesha ni kwamba akili na metali vyaweza kukaa katika kichwa kimoja, na hilo linatosha kuivunja hukumu ya zamani.

Ni nini basi kinachomvuta kijana mwerevu? Sehemu ya jibu imo katika fizikia. Chukua nyuzi mbili za gitaa zenye mitetemo 82 na 123 kwa sekunde, yaani uwiano wa 2 kwa 3. Kikuza sauti kinapolazimishwa kupita uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi, na kutokana na ukataji huo huzaliwa sauti ambazo hakuna uzi uliozitoa. Mojawapo ina mitetemo 41 kwa sekunde, chini kabisa ya zote mbili. Huo ndio mngurumo unaosikika kifuani. Kinachodhaniwa kuwa fujo kumbe kina hesabu ndani yake.

Sehemu nyingine imo katika historia na fasihi. Tony Iommi, mpiga gitaa wa kundi la Black Sabbath la mji wa viwanda wa Birmingham, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Sauti nzito iliyopatikana ikaigwa duniani kote. Kundi la Iron Maiden, mwaka 1984, lilitoa wimbo wa zaidi ya dakika 13 uliotokana na utenzi wa Coleridge. Wala metali haikubaki Ulaya na Marekani: mwaka 2020 kundi la Duma la Nairobi lilitoa albamu yake kupitia kampuni ya Kampala. Akili inayopenda mafumbo hupata hapo cha kutafuna.

Lakini liko jambo zito zaidi. Utafiti ule wa Warwick uligundua pia kwamba walioipenda metali walijithamini pungufu kidogo kuliko wenzao, na baadhi yao walieleza kwamba huusikiliza muziki huo ili kutua hasira na shinikizo la moyo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachunguza wasikilizaji 39 wa muziki mkali. Waliwakasirisha kwa makusudi, kisha wengine wakapewa muziki wao, wengine wakakaa kimya. Muziki haukuwaongezea hasira. Uhasama ulipungua, na waliosikiliza walijisikia wametiwa moyo zaidi. Kundi hilo lilikuwa dogo, lakini matokeo yake hayaungi mkono hofu zetu.

Mwalimu mwenzangu, hapa ndipo penye dhamana yetu. Mwanafunzi anayeongoza darasani hubeba matarajio ya wazazi, ya shule, na pengine ya kijiji kizima. Kwa kuwa anafaulu, hatumuulizi hali yake. Tukimnyang'anya muziki wake na kumwita mpotovu, twaweza kuwa tumeziba tundu moja alilobaki nalo la kupumulia. Ni afadhali kumuuliza: wasikia nini humo? Jibu lake laweza kutufunza mengi kuliko alama za mtihani.

Kama ni onyo, basi tutoe lile linalopimika. Viwango vinavyotumiwa kulinda masikio ya wafanyakazi wa viwandani huruhusu desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 100 zimebaki dakika 15 tu. Sikio lililoharibiwa na kelele halirudi lilivyokuwa, uwe muziki huo ni wa metali, taarabu au kwaya. Onyo kama hilo kijana mwerevu atalisikiliza, kwa kuwa anaweza kulihakikisha mwenyewe kwa kalamu na karatasi.